DNA ya soya inafunika bakteria wangu

Wakuu, nipo Mwanza, nachunguza bakteria wa natto (soya iliyochachushwa ya Kijapani) kwa jeni ya 16S, inayotumika kutambua aina za bakteria, kipande chake kiitwacho V4. Matokeo mengi ni kloroplasti na mitokondria (sehemu za seli zenye DNA yake) za soya. Nakosea wapi?

— Kloroplasti ina 16S yake, mkuu, ndiyo maana. Usisage maharage! Tikisa gramu 10 kwenye mililita 90 za maji ya chumvi yaliyotakaswa, zungusha taratibu kwenye sentrifuji (500 × g, yaani mara 500 ya nguvu ya uvutano, dakika 5) mabaki yashuke, kisha maji ya juu yazungushe kwa 10,000 × g. Mashapo ya mzunguko huu wa pili ndiyo bakteria. Ute wa natto ukisumbua, ongeza maji.

— Na spora (hali ya usingizi yenye ganda) za Bacillus, bakteria wa natto, ni ngumu mno: zipondwe kwa vishanga vya milimita 0.1, la sivyo DNA yake haitoki. Sampuli tupu (isiyo na natto, ya kuonyesha uchafuzi) ni lazima, tangu hatua ya kutoa DNA.

— Asanteni. Umeme ukikatika?

— Hifadhi mashapo kwenye ethanoli 95%.