Kubadilisha vibao vya mpini wa bastola ya 1911

Swali: Jamani, mie niko Changamwe, Mombasa, nina bastola yangu ya 1911 ya leseni, plastiki ya mpini imechakaa. Naeza kuiwekea mpingo mwenyewe nyumbani?

Jibu: Waeza kaka, kila upande skrubu mbili tu, ila toa magazini (kile kisanduku cha risasi) kwanza, vuta silaidi (lile chuma la juu) nyuma uangalie chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho na kidole pia, risasi zikae chumba kingine kabisa. Mpingo mgumu mno, waachie wachongaji wa hapo Changamwe, wapelekee zile plastiki kuukuu wazifuatishe, bastola ibaki kwako imefungiwa.

Jibu: Na usikaze skrubu sana, kibao kitapasuka. Mpingo ukipakwa mafuta wapendeza wallahi.

Jibu: Mpini sawa, lakini triga na springi usiguse, hiyo kazi ya fundi aliyesajiliwa.