Philco ya miaka ya 1940: dawa ya rangi imefuta michirizi ya mbao, nairudishaje?

Mwambao45

Habarini wakuu.

Nina redio ya mezani ya Philco, ya valvu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1940, kasha la mbao. Juu na ubavuni ni vinia (ubao mwembamba wa kubandika) ya wolnati. Uso wa mbele ulikuwa na sura mbili: kuzunguka kioo cha stesheni kulikuwa na vifundo vya mti vilivyojikunja, na chini yake, penye nobu (vishikio vya kuzungusha), ukanda wa sm 4 wenye michirizi myeusi iliyonyooka. Laka (rangi angavu ya juu) ilikuwa imepasukapasuka, nikapaka dawa ya jeli ya kuondoa rangi, nikaiacha dakika 10, nikakwangua kwa kisu cha puti. Laka imetoka na michirizi yote imetoka nayo. Sasa mbele ni mbao nyeupe tupu, na mabaki ya rangi ya manjano ya kahawia kwenye kona.

Kimesalimika kipande kimoja, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kwa kuwa kilijificha chini ya fremu ya kioo.

Nikipaka steini (rangi inayopenya mbao) ya wolnati, michirizi itarudi? Au nibandike vinia? Niko Tanga, nina kompresa ndogo na spreya ya kawaida.

FundiLaka

Mkuu, usipake steini. Michirizi ile haikuwa kwenye mbao. Viwanda vya redio vya Marekani, Philco na Zenith wakiwemo, katika miaka ya 1930 na 1940 vilichapa sura ya mbao ya thamani juu ya mbao ya bei nafuu. Kwanza walipaka rangi ya msingi, ndiyo hayo manjano uliyoyaona kwenye kona. Juu yake wakachapa kwa wino sura iliyotolewa kwenye picha ya mbao halisi. Halafu wakafunika kwa laka. Wino ule ni mwembamba kuliko karatasi, na kitu chochote kinachoyeyusha laka huondoka nao. Steini kwenye hiyo mbao nyeupe itakupa madoa tu.

Kwa wengine watakaosoma hapa: kagua kabla ya kugusa dawa. Chukua lenzi ya kukuzia, tazama penye jeraha. Vinia ya kweli ina vishimo vya mbao ambavyo ukucha unavihisi, na ikimeguka inaacha ukingo wenye unene. Sura ya kuchapwa ni laini kabisa, na pale ilipobanduka utaona rangi ya msingi kisha mbao isiyo na sura. Tazama pia kona ya mviringo: michirizi ikipita juu ya kiungo cha mbao mbili bila kukatika, hiyo imechapwa. Kasha la namna hiyo lioshe kwa maji kidogo na sabuni laini, ongeza laka juu, basi.

Kwako wewe kazi ni kurudia tabaka zilezile kwa mpangilio uleule: msingi, michirizi, kivuli, laka. Kile kipande cha ukucha ndicho mali yako kubwa kuliko yote. Hakijaliwa na jua, kwa hiyo rangi yake ndiyo rangi ya kiwandani. Kipige picha mchana kivulini, ukiweka rula pembeni ili baadaye ujue unene wa mchirizi. Usikipige msasa.

Safisha mabaki ya dawa kwa thina, mara mbili, na kitambaa kipya kila mara. Nta inayobaki kutoka kwenye jeli huzuia rangi kushika. Acha siku nzima. Piga msasa namba 180, kisha 240, kufuata urefu wa mbao. Ziba mashimo kwa puti ya mbao. Paka shelaki (utomvu unaoyeyushwa kwa spiriti) isiyo na nta, gramu 120 za vipande kwa lita 1 ya spiriti, mikono miwili, yaani tabaka mbili, saa 2 katikati.

Rangi ya msingi ilingane na sehemu *nyeupe kuliko zote* ya kile kipande, wala si na rangi ya jumla. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachagua kahawia ya wastani, na wakishaweka michirizi na laka, redio inakuwa kama chokoleti. Anza na nyeupe, ongeza oka ya manjano, na amba iliyochomwa (kahawia iliyokoza) kidogo kidogo, ujaribu kwenye kipande cha plaiwudi chenye shelaki. Tumia rangi ya mafuta isiyong'aa sana. Mikono miwili myembamba, msasa 320 katikati, na saa 24 kila mkono.

Michirizi inatoka kwenye glezi, yaani rangi nyembamba inayoonyesha chini. Sehemu 1 ya mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, sehemu 2 za tapentaini, na rangi ya msanii ya tyubu, amba iliyochomwa, mpaka ipate uzito wa maziwa mazito. Mililita 60 zinatosha uso mzima na majaribio yake. Ina dakika kama 20 za kufanyiwa kazi kabla haijaanza kunata.

Ukanda ulionyooka: paka glezi, kisha vuta brashi kavu ya nywele ngumu, iliyokatwa mapengo kwa mkasi, kutoka mwisho hadi mwisho kwa mkono mmoja usiosimama. Ukisimama katikati, panaonekana. Baadaye gonga juu yake kwa ubavu wa brashi ndefu kavu, pigo fupi fupi, uvunje mistari iwe vijitundu. Bila hatua hiyo ni mistari ya rangi. Ukiifanya, inakuwa mbao.

Vifundo: bonyeza sifongo iliyokunjwa kwenye glezi mbichi, acha mabaka yasiyolingana. Chukua brashi ndogo ya duara, simamisha, izungushe kati ya vidole ili kutengeneza macho, matatu matatu au matano, wala usiyapange kwa safu. Kisha yaunganishe kwa mistari inayozunguka kila jicho kama maji yanavyolizunguka jiwe. Lainisha kwa brashi kavu kabisa.

Vitambaa vyenye linsidi vianike vikiwa vimetandazwa nje, au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Vikirundikwa vinajipasha moto vyenyewe na kuwaka.

Seremala wa Vinia

Naheshimu maelezo hayo, ila mtu akiweza vinia ya wolnati ya mm 0.6 si ataepuka shida yote? Mbao ya kweli ni mbao ya kweli.

FundiLaka

Kwa meza, ndiyo. Kwa redio hii, hapana, na sababu ni mbili. Fremu ya kioo na nobu zilipimwa kwa uso usio na unene wa ziada. Ukiongeza mm 0.6 na gundi yake, vyuma vya nobu vinaweza kubaki vifupi na fremu ikakaa juu juu. Pili, kona za uso huu ni za mviringo, na vinia yenye vifundo ni dhaifu, inakatika inapopindwa. Zaidi ya hayo, redio haikutoka kiwandani hivyo. Ukarabati mwaminifu unairudisha jinsi ilivyokuwa, hata kama ilivyokuwa ni rangi.

Siki na Shelaki

Naongeza njia ambayo kwa anayeanza naiona bora kuliko glezi ya mafuta: siki.

Siki nyeupe ml 100, sukari kijiko 1 cha chai, tone moja la sabuni ya vyombo, na rangi ya unga ya amba iliyochomwa. Koroga, chuja kwa kitambaa chepesi. Sukari inashikilia rangi na kuipa uzito kidogo. Sabuni inafanya majimaji yatandae. Zana ni zilezile, hata gazeti lililofinyangwa linatoa vifundo vizuri.

Faida yake: inakauka ndani ya dakika chache, na usipoipenda unafuta kwa kitambaa cha maji, msingi unabaki salama. Unaweza kurudia mara 10 mchana mmoja. Glezi ya mafuta ukiikosea saa 5 baadaye, unahangaika na tapentaini. Na tatizo kubwa la mafuta ni laka: linsidi ikiwa haijakauka mpaka ndani, thina ya laka inaivuruga na kila kitu kinakunjamana. Glezi ya mafuta isubiri angalau siku 5 hadi 7, zaidi wakati wa masika.

Ubaya wa siki: mpaka ifungwe, tone la jasho linaharibu. Ifunge kwa shelaki ya *kupuliza*. Ukipaka kwa brashi, nywele zinaikokota michirizi. Mikono miwili ya ukungu mwepesi kwanza, halafu mmoja wa kawaida.

Kati ya ukanda na vifundo, fanya sehemu moja, ifunge kwa shelaki, subiri hadi kesho yake, ndipo ubandike maskintepu na kufanya sehemu ya pili. Tepu juu ya michirizi isiyofungwa inabandua yote.

Mwambao45

Asanteni sana wakuu. Msingi nimeshapaka, nikajaribu siki kwenye plaiwudi. Inajikusanya matone matone kama maji juu ya sahani ya mafuta. Nimeongeza sabuni, haisaidii, na sasa kuna povu.

Siki na Shelaki

Msingi unang'aa mno, au una mafuta ya vidole. Usiongeze sabuni tena. Povu huacha viduara vidogo vinavyoonekana chini ya laka. Chukua unga wa chaki, kitambaa chenye unyevu, sugua uso mzima kwa mzunguko, pangusa, acha vumbi jembamba lisiloonekana. Siki itashika mara moja. Ikigoma bado, piga msasa wa maji namba 600 kwa wepesi, rudia chaki. Kuanzia hapo usiguse uso kwa mkono mtupu.

Chapa_Dekali

Kuna njia ya tatu, iliyo karibu zaidi na ya kiwandani: chapa. Skani kipande cha vinia halisi yenye vifundo kwa nukta 300 kwa inchi, chapa kwenye karatasi ya dekali ya maji (picha nyembamba inayolowekwa ili itoke kwenye karatasi yake) iliyo angavu, bandika juu ya msingi uleule wa manjano. Printa haichapi nyeupe, kwa hiyo msingi wako unapenya katikati ya michirizi, sawasawa na asili.

Uso wa redio nyingi ni mpana kuliko A4, ambayo ni mm 297, kwa hiyo tafuta anayechapa A3. Usiunge katikati, kiungo kitaonekana daima. Usirudie kipande kimoja mara mbili pia, jicho linagundua upesi kwamba kifundo cha kushoto ndicho cha kulia. Wino wa inkjeti unayeyuka kwa maji, hivyo puliza akriliki angavu mikono 3 kabla ya kuloweka. Wa leza hauyeyuki. Kwenye kona ya mviringo, lainisha dekali kwa siki kidogo, bonyeza kwa sifongo kutoka katikati kwenda nje. Kiputo cha hewa kikibaki, kitoboe kwa sindano na ulowanishe tena.

Hata hivyo, kwa ukanda ulionyooka mkono unashinda printa. Dekali naipendekeza kwa vifundo pekee.

FundiLaka

Nimalizie na laka, maana uko pwani.

Kwanza kivuli: changanya laka na rangi ya laka ya kahawia, nyembamba sana, puliza kwenye kingo na kona tu, ukilinganisha na ubavu wa vinia kila mkono. Ukikaribia, simama, laka angavu juu yake itaongeza giza kidogo.

Laka ya NC (nitroselulosi): mikono miwili ya kwanza iwe ukungu tu, dakika 30 katikati. Mkono mzito wa kwanza ndio unaoyeyusha dekali na shelaki. Kisha mikono 4 ya kawaida, saa 2 katikati, usizidi mitatu kwa siku.

Tanga wakati wa masika laka itapauka, iwe na ukungu mweupe. Thina ikiruka haraka inapoza uso, unyevu wa hewani unatua ndani ya laka. Puliza kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri siku ya jua, na tumia thina ya kukausha polepole. Ikishapauka usipige msasa. Ngoja siku kavu, puliza ukungu wa hiyo thina ya polepole peke yake, laka inafunguka na weupe unatoka. Mwaga maji ya tangi la kompresa kabla ya kuanza.

Subiri wiki 3. Msasa wa maji 1000, kisha 1500, ukizungushia kipande cha mpira, kisha polishi. Usiguse kingo kwa msasa kabisa. Hapo laka ni nyembamba, na ukitoboa hadi kwenye michirizi hakuna kiraka kisichoonekana. Utarudia uso mzima.

Na unaporudisha chasisi (fremu ya chuma yenye mitambo ya redio), kumbuka redio nyingi za Marekani za kipindi hicho ni za volti 110 hadi 120. Ya kwako usiichomeke moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230. Nyingine chasisi yake imeungwa kwenye waya wa umeme, hivyo hata skrubu ya nobu inaweza kukupiga. Tumia transfoma ya kutenganisha, inayoshusha volti.

Mwambao45

Chaki imefanya kazi, siki imetandaa. Vifundo jaribio la nne vimekubali, nimevifunga kwa shelaki. Kesho ukanda.