Supu ya nyanya bila ngano: naifanyaje iwe nzito?

MamaTatu_Mbagala

Wapendwa, habari za jioni. Naomba msaada wa jikoni, na tafadhali msinitumie video, bando langu ni la kubana.

Binti yangu wa darasa la pili amegundulika ana siliaki. Kwa wasioujua: akila ngano, shayiri au rai, kinga yake mwenyewe inaushambulia utumbo. Ndiyo maana alikuwa hanenepi, tumbo limejaa, kuharisha hakuishi, damu iko chini. Tulitibu minyoo, tukatibu amiba, tukatibu taifodi, mpaka daktari mmoja wa watoto alipoagiza kipimo cha damu na baadaye kamera ya tumboni. Dawa hakuna, ni kuziacha hizo nafaka maisha yake yote.

Ugali, wali, ndizi, mihogo, hapo hatuna shida. Kinachonisumbua ni supu ya nyanya. Aliionja kwenye harusi ya baba yake mdogo kabla hatujajua ugonjwa, ile nyekundu laini inayoletwa kwenye bakuli kabla ya pilau, na tangu hapo haniachi. Nimemuuliza mpishi wa shughuli ile, akasema siri yake ni siagi na unga wa ngano vinakaangwa kwanza. Basi nikapika bila unga. Nyanya zikakaa chini, maji yakakaa juu. Nikatia maziwa, yakakatika. Mtoto akaitazama bakuli akasema, "Mama, huu si mchuzi tu?"

Nataka kitu rahisi, vitu vya gengeni. Nina jiko la gesi na blenda. Oveni sina.

Kibonge_wa_Sinza

Dada, kornflawa kijiko kimoja, kazi imekwisha. Halafu hivi kangano kidogo ka kuifanya supu iwe nzito kanamdhuru mtoto kweli? Uji wa lishe una ngano na wetu wamekua nao.

MpishiMstaafu_Tanga

Kibonge, huyo wa kwako ana utumbo wake, na huyu ana wa kwake. Tuendelee.

Mwanangu Mama Tatu, pole kwa mahangaiko. Nimepika hotelini Tanga, nikapika Unguja, na huo mtindo wa siagi na unga ni wa Wafaransa. Ni mtindo mzuri, ila supu ya nyanya haiuhitaji. Nyanya ikitendewa haki inajibeba yenyewe, na kiazi kimoja kinamaliza kazi iliyobaki.

Chukua nyanya kilo moja. Zikiwepo za aina ya Tanya, zile nene ngumu, chukua hizo. Zina nyama nyingi na maji machache. Zile kubwa zinazopasuka ukizishika waachie watu wa kachumbari. Kila moja ikate alama ya msalaba kitakoni, imwagie maji yaliyochemka, ihesabie kama nusu dakika, tia kwenye maji baridi. Ganda linatoka lenyewe. Kata vipande, lakini yale majimaji ya mbegu usiyamwage. Watu huyatupa wakidhani ni uchafu, kumbe ladha ya nyanya iko humo kuliko kwenye nyama yake.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kiazi mviringo kimoja cha ukubwa wa ngumi kimenye, kikate vidogo, kichemshe peke yake katika maji nusu lita mpaka kimeiva kabisa, ukikigusa kinavunjika. Peke yake, narudia. Ukikitia pamoja na nyanya, uchachu wa nyanya unakizuia kulainika. Utachemsha gesi iishe na bado kitakuwa na punje ngumu katikati, na blenda haitaiondoa hiyo punje, itaigawa tu. Mpishi wako wa shughuli hakuwa na haja ya kulijua hili kwa sababu unga ulimfichia.

Kiazi kikiwa jikoni, sufuria nyingine tia mafuta vijiko vitatu, vitunguu maji viwili na karoti moja iliyokwanguliwa. Moto mdogo, chumvi kidogo mapema ili kitunguu kitoe maji, funika. Kisipate rangi ya kahawia. Kikishalegea tia kitunguu saumu punje tatu. Kama ni masika na nyanya zimejaa maji, ongeza kijiko cha nyanya ya kopo hapo hapo na uikaange mpaka mafuta yajitenge na rangi iwe ya tofali. Nyanya ya kopo isiyokaangwa inatoa ukali wa bati. Kisha tia nyanya zako, geuza, funika, ziache ziwe rojo. Dakika ishirini zinatosha.

Unganisha na kiazi pamoja na maji yake, usiyamwage, wanga wake ndio unaoshika maji na nyanya visiachane. Epua, acha ipoe kidogo, saga. Blenda usiijaze zaidi ya nusu, na mfuniko uache pengo dogo ukilifunika kwa kitambaa. Supu ya moto ikifungiwa ndani inautupa mfuniko darini, nimeona kijana akiungua shingo.

Rudisha jikoni, onja. Ikiwa kali, sukari robo kijiko cha chai. Magadi usitie, inakuja ladha ya sabuni. Mwisho kabisa, moto umezimwa, tui zito la nazi nusu kikombe. Maziwa ya ng'ombe yalikukatikia kwa sababu ya huo uchachu pamoja na moto. Ukiyataka maziwa lazima, yapashe pembeni, kisha supu ndiyo imiminwe kwenye maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, na isichemke tena. Mimi ni mtu wa Tanga, natia tui.

Kuhusu kornflawa: ni wanga wa mahindi, ngano haina, mradi pakiti iseme hivyo. Lakini itie mwishoni, ikorogwe na maji baridi kwanza. Ikichemka muda mrefu na nyanya, uchachu unauvunja uzito na supu inarudi kuwa nyepesi. Na hata ikikubali, mdomoni ina utelezi wa gundi. Kiazi hakina makuu hayo.

MamaNakuru

Mpishi amemaliza mambo ya sufuria. Mimi niongeze yanayozunguka sufuria, kwa sababu bwana yangu ana siliaki na tumeungua huko zaidi.

Dada, hivyo vidonge vya mchuzi na unga wa mchuzi wa pakiti, soma nyuma kabla hujatia. Vingi vina ngano ya kuongeza uzito. Ukiona ngano, shayiri, rai, au kimea cha shayiri, rudisha kwa rafu. Kama huelewi kilichoandikwa, pia rudisha. Chumvi, dania na pilipili manga zitakufikisha. Soya sosi nayo kwa kawaida hutengenezwa na ngano, wengi hawajui.

La pili ni chujio. Kila nyumba ina chujio moja. Asubuhi linachekecha unga wa chapati, jioni linachuja supu. Hebu liweke mbele ya taa ulitazame pale wavu unapokutana na ukingo: kuna mstari mweupe uliogandia, hata uoshe vipi hautoki. Huo mstari ndio uliomlaza bwana yangu wakati mimi naapa kwamba sijampa ngano. Mnunulie mtoto chujio lake, mwiko wake na kibao chake. Vya bwana yangu nimevifunga uzi mwekundu, na wageni wote wanajua haviguswi. Mafuta yaliyokaangia maandazi vilevile yasirudi kwenye chakula chake. Na siku unayosukuma chapati za wengine, supu yake ipike kwanza uifunike, maana unga hupaa.

La tatu, mashine ya kusaga. Unga wa mahindi hauna ubaya wowote, lakini ukisagwa nyuma ya mtu aliyeleta mchanganyiko wa uji wenye ngano, wako unatoka na mabaki yake. Mimi nimeelewana na wa mashine: naenda alfajiri akiwa amesafisha, na mahindi yangu yanakuwa ya kwanza. Alinicheka mwanzo. Sasa yeye ndiye hunipigia simu kwamba leo kuna foleni ya uji nisije.

Mzaramo_Uholanzi

Kibonge, hilo swali lako la "kidogo" lina historia huku niliko. Daktari wa watoto Mholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akishuku ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulikosekana, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu wakati wenzao wanadhoofika. Mkate uliporudi, wakaugua upya. Vyakula vya pakiti vinavyoandikwa havina gluteni, yaani ile protini ya ngano, shayiri na rai inayoleta shida, huruhusiwa kuwa nayo miligramu zisizozidi 20 kwa kilo nzima. Kijiko kimoja cha unga wa ngano kwenye sufuria kinapita hapo mbali sana.

Mama Tatu, huku nasaga supu hiyo na konzi ya wali uliolala badala ya kiazi. Inashika vizuri, ila isage muda mrefu.

Kibonge_wa_Sinza

Haya, nimesoma. Sasa niulize la maana: mtoto wa dada yangu tumbo ni hilohilo, anapewa dawa za minyoo mfululizo. Nimwambie aache ngano tuone kama atapona?

MamaNakuru

Hapana kaka, asiache bado! Kipimo cha damu kinatafuta alama ambazo mwili unazitoa ukiwa bado unakula ngano. Akiacha kwanza, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Aendelee kula kawaida, ampeleke kwa daktari wa watoto, aombe kipimo cha siliaki kwa jina. Mama Tatu, na wewe waulizie kwa daktari wako wale watoto wako wengine wawili, maana ugonjwa huu hutembea kwenye familia hata kwa asiyeonyesha dalili.

MamaTatu_Mbagala

Hao wengine wawili wanapimwa, daktari naye alisema hivyohivyo.

Nimepika leo mchana. Nimekwenda gengeni na neno "Tanya" mdomoni kama mtaalamu, muuzaji akanichagulia mwenyewe. Kiazi nimechemsha peke yake. Chujio nimeliangalia mbele ya taa, na ule mstari upo! Nimenunua jipya, la zamani limebaki la chapati na jina nimeliandika kwa rangi ya kucha.

Supu imeshika. Niliinua mwiko, ikateremka polepole na nyuma yake ikabaki nyekundu, haikuachana maji. Binti amekula bakuli mbili kisha akauliza ataichovyea nini, maana wenzake harusini walichovya mkate. Nimempa muhogo wa kuchemsha, akaukubali kwa shingo upande. Mna wazo? Na hii supu naweza kuigandisha ya wiki nzima, au itaharibika?

MpishiMstaafu_Tanga

Mpikie mkate wa kumimina. Mchele uliolowekwa usiku kucha, tui, sukari, hamira, iliki, na ute wa yai. Ngano haimo tangu enzi za bibi zetu. Kwa ajili ya supu punguza sukari na iliki uiache. Vitumbua vya nyumbani pia ni mchele mtupu, ila vya barabarani usimpe, wapo wanaochanganya ngano viumuke.

Kugandisha inawezekana, lakini gandisha kabla ya kutia tui. Iache ipoe kabisa, igawe kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, usijaze mpaka juu kwa sababu inatanuka. Ukiitoa itaonekana imekatika kidogo, ni kiazi hicho kimeachia maji, usiogope. Ipashe, isage tena kidogo, ndipo utie tui.