Lami ya kukwangua: tuchanganye 15%, 30%, au tuirudishe baridi?

Mshindiliaji
Wakuu, habari za kazi. Tumekwangua tabaka la juu kwenye barabara ya malori, nyanda za juu kusini, na rundo la lami kuukuu limejaa kambini. Njia ninazoziona ni tatu: 15% ndani ya zege jipya la lami bila kugusa kingine, 30% na kubadili daraja la lami (kiwango cha ugumu wake), au kuirudisha chini baridi kwa lami ya povu (lami ya moto iliyoumuliwa kwa maji kidogo), iwe msingi. Msimamizi anaogopa barabara kubonyea kwenye njia za magurudumu, mimi naogopa nyufa. Mnashauri ipi?

Mama_Kokoto
Hofu zote mbili zina haki. Lami ikikaa miaka juani, hewa na joto huifanya ngumu. Malori yanapopanda mlima taratibu, ugumu huo unasaidia, mchanganyiko haubonyei ovyo. Ila lami ngumu haivutiki, na msingi ukiwa unacheza chini yake itapasuka mapema. Kwa 15% tofauti ni ndogo. Miongozo ya Marekani inaruhusu kiasi hicho bila kubadili daraja. Kutoka 15 hadi 25 wanashuka daraja moja kuelekea lami laini, zaidi ya hapo wanataka hesabu.

Fundi_Maabara
Hesabu hii hapa. Kwenye kipimo cha sindano (gramu 100, sekunde 5, nyuzi 25), kwa lami ya 60/70 sindano huzama milimita 6 hadi 7. Ile ya rundoni mara nyingi haifiki 3. Tuseme ni 2, yaani daraja 20 (daraja huhesabu sehemu za kumi za milimita), na iwe 30% ya lami yote. Ukiichanganya na 60/70, kwa wastani wa logi za madaraja hayo mawili unapata kama 46. Ukitumia 80/100, iliyo laini zaidi, unapata kama 57, karibu na pale ulipotaka. Lakini hesabu inadhani lami mbili zimeyeyukiana kabisa. Mtamboni sehemu ya lami kuukuu hubaki imeganda kwenye kokoto zake, kwa hiyo mchanganyiko hutoka mkavu kuliko karatasi inavyoonyesha. Usimwage 30% kabla hujapima nyufa maabara. Uthabiti wa Marshall (kipimo cha mzigo ambao sampuli inaubeba kabla ya kuvunjika) peke yake utakudanganya, maana lami ngumu huupandisha.

Mtambo24
Mkuu, mtambo wako una pipa la pili, la kuipashia lami kuukuu peke yake? Lami kuukuu haipigwi na moto wa moja kwa moja, inaungua na kutoa moshi. Kwa kawaida tunazipasha kokoto mpya kupita kiasi, nazo ndizo zinaipasha ile kuukuu. Rundo likinyeshewa, joto lote linaishia kukausha maji. Japani wanafika karibu nusu kwa nusu, lakini wao wana pipa maalumu la kuipashia na mafuta ya kuilainisha. Bila hivyo, 30% itakutesa. Na uchekeche: mashine ya kukwangua inavunja kokoto, vumbi linazidi.

Povu_Baridi
Kabla ya asilimia, tujue nyufa zilianzia wapi. Zikianzia chini, zege jipya juu yake litapasuka palepale, liwe na lami kuukuu au lisiwe nayo. Lami ya povu inahitaji takriban 2% ya lami mpya na 1% ya saruji, hakuna kokoto za kukausha kwa moto, na rundo lote linapata kazi. Bado utaweka tabaka la lami juu.

Mshindiliaji
Ahsanteni sana. Mtambo wetu una pipa moja. Sampuli za silinda tulizotoboa zinaonyesha nyufa zinatoka chini sehemu za bondeni. Mlimani ni kubonyea tu, msingi mzima.

Mama_Kokoto
Basi gawa kazi, mdogo wangu. Bondeni weka povu. Mlimani 15% na 60/70 yako ileile. Rundo lifunike leo, mvua za Novemba hazimsubiri mkandarasi.

Fundi_Maabara
Naafiki. Chukua sampuli pande zote za rundo, si juu tu, kwa sababu viraka vya zamani huwa na lami tofauti kabisa.