Mwili upo nyumbani, akili ipo kwenye daftari la kikoba. Mnafanyaje?

MamaSalma_Mbagala: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha mtaani. Hesabu zenyewe si ngumu, ila haziishi. Natembea nazo kichwani kutwa. Namwogesha mwanangu huku najumlisha marejesho ya wiki, nikishika taulo namuuliza, "Mgongo nimekusugua?" Anacheka, anadhani namtania. Nakula ugali na dagaa, sahani inaisha, ukiniuliza chumvi ilikuwaje sijui. Baba Salma akiongea naitikia "ehee, ehee" mpaka ameshazoea. Usingizi napata, siumwi, na deni langu mwenyewe nimeshalipa. Nataka tu nikiwa mahali, niwepo. Nilijaribu kufumba macho nihesabu pumzi. Dakika haijaisha nimeshafika kwa yule anayedaiwa faini. Wenye uzoefu nisaidieni, ila msiniambie niende ufukweni kutafakari. Nina watoto watatu.

Kijana wa Temeke: Zima simu dada. Uzi ufungwe.

Mzee wa Ngamiani: Binti yangu, sisi tunaosali ugonjwa huo tunaujua. Mtu anafunga swala, rakaa ya pili yuko sokoni anapatana bei. Mtume (s.a.w.) alikataza kusali chakula kikiwa kimeshatengwa, au mtu akiwa amebanwa na haja. Hakusema ujikaze. Kinachokuvuta kimalize kwanza. Wewe kinachokuvuta ni daftari, basi kabla hujabandika maji ya kuoga kaa uandike: nani hajaleta, kiasi gani, utamfuata lini. Funga, weka juu ya kabati. Akili hung'ang'ania jambo inaloogopa litasahaulika. Na ndani ya swala tunafundishwa macho yatue pale pa kusujudu, yasizurure. Kwa mtoto nako ni hivyo hivyo: macho yafuate mkono, nyuma ya masikio, shingoni, katikati ya vidole vya miguu. Utaona mengi, na mengine yatahitaji sabuni zaidi.

Nesi_Moro: Mzee amemaliza, naongezea kidogo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha huko Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki kadhaa ya kuirudisha akili pale ulipo, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Zoezi mojawapo ni kula zabibu kavu moja tu: unaitazama, unaipapasa, unainusa, ndipo unaitia mdomoni. Kwetu huku zabibu ya nini? Chambua mchele. Ungo mapajani, pepeta pumba zitoke, halafu vidole vitenge mawe. Ukichukuliwa na mawazo jiwe linapita, na atakayelitafuna jioni ni mkweo.

Kuhusu hiyo dakika moja, mbona ni kawaida? Mwaka 2010 Killingsworth na Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250, waliokuwa wakiulizwa kwa simu, saa yoyote ile, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine. Kwa hiyo usipigane nayo isitoke. Ukishtuka kwamba umetoka, rudi. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Ila yule ambaye akifumba macho anajiwa na picha za mabaya yaliyompata, asijilazimishe. Afumbue, atembee, na akaongee na mtu wa afya.

MamaSalma_Mbagala: Mzee shikamoo, na ahsante sana. Leo nimeandika majina kabla ya kuwasha jiko. Dada nesi, mchele wa duka letu hauna mawe siku hizi, nitachambua maharage. Sasa kwenye daladala je? Mbagala mpaka Kariakoo mara nyingi nasimama, na humo ndimo hesabu zinaponipanda hasa. Nikizama kwenye pumzi si nitaondokewa na pochi?

Mzee wa Ngamiani: Marahaba mwanangu.

Nesi_Moro: Humo pumzi achana nayo, na macho usifumbe kabisa. Sikiliza nyayo: uzito uko mguu gani, dereva akifunga breki unahamia wapi, bomba uliloshika lina joto au baridi. Pochi ivae mbele, mkono juu yake. Mimi nikitoka zamu ya usiku ndivyo nafanya, la sivyo napitilizwa kituo.