MySQL inang'ang'ania koneksheni 214 wakati nimeweka 500. Kikomo hiki kinatoka wapi?

MzigoMbeya

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, hapa nilipofika nimekwama.

Natunza seva ya hifadhidata ya kampuni inayosafirisha vifurushi kwa mabasi. Ni Ubuntu 16.04, MySQL 5.7, RAM GB 16. Kuanzia saa mbili asubuhi mawakala wa Tunduma, Songea, Makambako mpaka Dar wanaingia kwenye mfumo kwa pamoja kusajili mizigo ya mabasi ya mchana. Ikifika saa tatu hivi simu zinaanza: mfumo umegoma, mteja amesimama dirishani na kifurushi chake, risiti haitoki. Logi ya programu imejaa "Too many connections".

Nimefungua mysqld.cnf nikaandika `max_connections = 500`, nikazima MySQL na kuiwasha. Nikiuliza kwa `SHOW VARIABLES LIKE 'max_connections';` najibiwa 214. Namba hiyo hakuna aliyeiandika. Nimeisaka kwa grep ndani ya /etc yote, haipo.

Nikaambiwa ni mambo ya ulimit, kikomo cha mafaili ambayo programu inaruhusiwa kufungua kwa wakati mmoja. Kwenye /etc/security/limits.conf nimeongeza:

```
mysql soft nofile 65535
mysql hard nofile 65535
```

Nikipima kwa `su -s /bin/bash mysql -c 'ulimit -n'` naona 65535 kama nilivyotaka. Nimewasha upya mashine nzima, bado 214. Halafu bakapu ya usiku ya mysqldump nayo siku hizi inakatika katikati ikilalamika Errcode: 24. Sijui ni ugonjwa mmoja au miwili. Mwenye kujua anisaidie, kesho saa mbili haiko mbali.

Nyanda_wa_Ziwa

Pole mkuu. Una uhakika faili ulilohariri ndilo MySQL inalosoma? Ubuntu ina my.cnf, ina conf.d, ina mysql.conf.d, na la mwisho kusomwa ndilo linalotawala.

MzigoMbeya

Ndilo, mkuu. Kwenye faili hilohilo nimebadilisha innodb_buffer_pool_size na imeshika.

kijana_wa_terminal

Zima AppArmor, ile ngao ya Ubuntu inayozuia programu kugusa mafaili yasiyoruhusiwa, ujaribu. Mimi ikinisumbua huwa naizima tu.

FundiKerneli

Kijana, hapo hapana. AppArmor ikizuia kitu inaacha mstari wenye neno DENIED kwenye logi ya kerneli (kiini cha Linux), na MySQL inapata "Permission denied", yaani errno 13. Mwenzetu ana errno 24, ambayo maana yake ni mafaili yaliyofunguliwa yamefika kikomo. Usimwondolee mtu mlinzi mlangoni kwa kosa ambalo mlinzi hakulifanya.

MzigoMbeya, hiyo 214 naifahamu. Kabla ya yote tuletee vitu viwili:

```
grep 'open files' /proc/$(pidof mysqld)/limits
grep 'Changed limits' /var/log/mysql/error.log | tail -3
```

MzigoMbeya

Haya hapa, mkuu:

```
Max open files    1024    4096    files

[Warning] Changed limits: max_open_files: 1024 (requested 5000)
[Warning] Changed limits: max_connections: 214 (requested 500)
[Warning] Changed limits: table_open_cache: 400 (requested 2000)
```

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. ulimit inaniambia 65535, hapa inasema 1024. Nani mkweli?

FundiKerneli

Mkweli ni /proc. Hapo unasoma kikomo ambacho kerneli imempa mysqld (mchakato wa MySQL) huyu anayekimbia sasa hivi. Ile ulimit uliyoipima ni ya ganda ulilofungua wewe kwa su, na ganda hilo halihusiani kabisa na mysqld aliyewashwa na systemd, msimamizi wa huduma za mashine, mashine ilipoamka.

Faili la limits.conf husomwa na PAM, mfumo unaosimamia uingiaji, hasa moduli yake ya pam_limits, pale mtu anapoingia: kwa ssh, kwa su, kwa skrini ya kuingilia. Huduma inayowashwa na systemd haiingii kwa mlango huo. Haiulizwi nywila, haifungui kikao cha PAM, kwa hiyo limits.conf haiihusu hata ukiandika milioni. Huduma hurithi kikomo kutoka kwa systemd yenyewe, na kwenye Ubuntu 16.04 kikomo laini (kinachotumika) ni 1024, kigumu (dari yake) 4096. Ndizo namba mbili ulizotuletea.

Sasa ifuate hesabu, maana ukiielewa hutasumbuliwa tena na namba hii. MySQL 5.7 ikiwaka hujiuliza inahitaji mafaili mangapi. Inakokotoa 10 + max_connections + table_open_cache (majedwali inayoyaacha wazi) mara mbili, kwako ni 10 + 500 + 4000 = 4510. Inakokotoa pia max_connections mara 5, yaani 2500. Inaangalia na open_files_limit, ambayo kama hukuiandika inahesabiwa kuwa 5000. Inachukua iliyo kubwa: 5000. Inamwomba kerneli. Kikomo kigumu ni 4096, na mysqld anakimbia kama mtumiaji mysql, si root, kwa hiyo hana ruhusa ya kukipandisha. Ombi linakataliwa lote. Hapewi hata zile 4096, anabaki na 1024 aliyozaliwa nayo.

Akiwa na 1024 anaanza kujibana. Hakubali table_open_cache ishuke chini ya 400, na kila jedwali analihesabia mafaili mawili, kwa sababu jedwali la aina ya MyISAM lina faili la data na faili la faharasa. Hiyo ni 800. Anatenga na 10 za matumizi yake. 1024 toa 10 toa 800 ni 214. Ndiyo maana grep yako haikuipata popote: haikuandikwa, imekokotolewa.

Na bakapu ni ugonjwa huohuo. mysqldump ikitumia LOCK TABLES inafungua majedwali yote ya hifadhidata kwa mkupuo, na kama kuna yaliyogawanywa kwa mwezi au kwa mkoa, kila kipande ni faili lake. 1024 haifiki mbali.

Dawa yake:

```
sudo systemctl edit mysql
```

Andika:

```
[Service]
LimitNOFILE=65535
```

Hifadhi, kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl restart mysql`. Usihariri /lib/systemd/system/mysql.service yenyewe. Faili hilo ni mali ya kifurushi cha MySQL, siku ya kusasisha linaandikwa upya na ulichoongeza kinapotea bila taarifa. systemctl edit inakuwekea override.conf ndani ya /etc/systemd/system/mysql.service.d/, na apt hailigusi.

Ukimaliza rudi kwenye /proc usome upya. Ukiona bado 1024, usiendelee na kingine chochote mpaka ujue kwa nini.

Nyanda_wa_Ziwa

Nimejifunza kitu leo. Swali la pembeni: mbona seva yangu ya Ubuntu 20.04 haijawahi kunipa shida hii na sijawahi kugusa LimitNOFILE?

FundiKerneli

Kuanzia systemd 240, iliyotoka Desemba 2018, kikomo kigumu kwa huduma kimepandishwa mpaka 524288, ila laini kimeachwa 1024. mysqld akiomba zaidi ya 1024 anapandisha laini mwenyewe bila kumsumbua mtu. Ubuntu 20.04 ina systemd 245.

MzigoMbeya

Mkuu, ubarikiwe sana. Lakini siwezi kuzima MySQL kabla ya saa nne usiku, kuna mabasi ya usiku yanapakia. Kuna namna ya kuvuka mpaka hapo?

FundiKerneli

Ipo. Kikomo cha mchakato unaokimbia kinaweza kubadilishwa akiwa hai:

```
sudo prlimit --pid $(pidof mysqld) --nofile=65535:65535
```

Kisha ingia MySQL kwa mtumiaji mwenye ruhusa ya SUPER. MySQL humwachia huyo nafasi moja ya ziada hata nafasi zote zikiwa zimejaa, ndiyo maana programu yenu haipaswi kabisa kutumia akaunti ya root. Piga `SET GLOBAL max_connections = 400;`. Fuata mpangilio huo, prlimit kwanza. Ukianza na koneksheni bila kupandisha mafaili utahamisha tatizo kutoka mlangoni kwenda kwenye majedwali. table_open_cache nayo itabaki 400 mpaka utakapoiwasha upya, usishangae. Hii ni ya kuvukia usiku tu, mashine ikizimwa inapotea.

BibiSeva

Naomba niongeze jambo ambalo naona limepitwa. FundiKerneli amekufungulia mlango, lakini MzigoMbeya, je, mawakala wako kweli wanafika 500? Piga hizi mbili saa tatu asubuhi:

```
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Max_used_connections';
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Threads_running';
```

Halafu tazama SHOW PROCESSLIST. Nikiona mfumo wa mawakala umejaza koneksheni, mara nyingi zilizo nyingi ni Sleep: wakala alifungua ukurasa, akaenda kunywa chai, koneksheni imekaa. wait_timeout ya MySQL ikiachwa ilivyo ni sekunde 28800, yaani saa nane nzima. Wakala wa saa mbili asubuhi anaweza kushikilia nafasi mpaka saa kumi jioni bila kufanya lolote.

Na kila koneksheni inakula RAM yake. Ikipanga data inachukua sort_buffer, ikiunganisha majedwali inachukua join_buffer, ikitengeneza jedwali la muda inachukua zaidi. Umempa buffer pool, RAM ambamo MySQL huweka data, kiasi gani kwenye hizo GB 16? Kama ni 12 au 13, koneksheni 500 zikifanya kazi kwa pamoja kerneli itatafuta wa kumuua, na anayeshika RAM nyingi kuliko wote ni mysqld. Hapo hutaona "Too many connections". Utaona MySQL imezimika ghafla, na ushahidi utaukuta kwenye dmesg, logi ya kerneli.

MzigoMbeya

Bibi, buffer pool ni GB 12. Shikamoo na asante kwa kunishtua.

BibiSeva

Marahaba mwanangu. Ishushe iwe 10 uanze nayo, wait_timeout iwe 600, na max_connections iache 350 kwanza. Uliza waandishi wa programu kama koneksheni zao zinajifungua upya zikikatwa, kabla hujashusha hiyo wait_timeout. Kama hazijifungui utawapa mawakala kero nyingine.

MzigoMbeya

Mrejesho, wakuu. Jana nimevuka kwa prlimit, hakuna wakala aliyepiga simu. Saa nne usiku nimeweka override na kuwasha upya. /proc inaonyesha 65535 pande zote mbili, max_connections 350, table_open_cache imerudi 2000, na ile mistari ya Changed limits haikuandikwa tena. Bakapu imefika mwisho.

Asubuhi hii nimefuata maelekezo ya Bibi. Saa tatu na nusu, Max_used_connections ni 231, Threads_running inacheza kati ya 6 na 11. Zilizobaki karibu zote ni Sleep. Waandishi wa programu wanasema wataangalia suala la kujifungua upya, kwa hiyo wait_timeout sijaigusa.

BibiSeva

231 dhidi ya 214. Umeona ulivyokuwa umebanwa kwa nafasi chache tu. Wakishajibu, shusha wait_timeout, na hiyo 231 itaporomoka.

FundiKerneli

Safi. Kama majedwali yenu ni ya aina ya InnoDB, mysqldump iendesheni na `--single-transaction`, isifunge majedwali wakati mabasi ya usiku yanapakia. Na panga kuhama, mkuu: MySQL 5.7 iliacha kupata masasisho Oktoba 2023. Ukifika 8.0 table_open_cache inaanzia 4000, kwa hiyo ombi la mafaili litakuwa kubwa kuliko 5000 hata usipogusa kitu. Hiyo override hama nayo.