Mafundi wa Dar, mtatoa themostati mpaka lini? Gari bado inachemsha!

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaomba radhi. Peleka Corolla KE70, Datsun 120Y, Peugeot 504 au Land Rover ya kizamani kwenye gereji yoyote ya chini ya mwembe hapa mjini, sema inachemsha. Fundi hajauliza inachemsha wakati gani, hajashika hata hosipaipu, spana namba 12 tayari iko kwenye nyumba ya themostati, kile kilango kinachozuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta mpaka yapate moto. "Bosi, hii kwa joto la Dar haina kazi." Inatupwa kwenye kopo la oili chafu, unalipa, na jioni yake kwenye foleni ya Buguruni mshale uko palepale kwenye nyekundu.

Joto la Dar ni nyuzi 32, 33. Themostati za gari hizi nyingi zinaanza kufunguka kwenye 82. Vinahusiana nini? Injini inataka kufanya kazi kwenye 85 hadi 95, iwe Dar iwe Makete kwenye baridi.

Na kuna injini ambazo ukitoa ndiyo unaziua. Zina njia ya mkato: maji yanatoka kwenye hedi (kichwa cha injini) yanarudi kwenye pampu bila kupita rejeta, ili injini ipate moto haraka asubuhi. Themostati yake ina kisahani cha pili chini ya springi. Ikifunguka, kisahani kinashuka na kuziba ule mkato. Sasa umeitoa: mkato uko wazi siku nzima, maji ya moto yanazunguka ndani kwa ndani, rejeta inapata makombo. Unatibu kuchemsha kwa kuongeza kuchemsha. Zile zisizo na mkato wa namna hiyo nazo haziponi: asubuhi injini inabaki baridi, kabureta inakula mafuta, oili inashika unyevu.

Kuipima hakuhitaji mashine. Sufuria ya maji, kipimajoto, uzi. Itundike isiguse kitako cha sufuria, washa jiko. Kwenye 82 inaanza kuachia, ikikaribia 95 iwe imefunguka kama milimita 8. Isipofunguka, nunua nyingine yenye namba ileile. Kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni kikae juu, ndiyo njia ya hewa. Kikikaa chini umejifungia hewa kwenye hedi.

Swali la kwanza ni LINI, na hilo ndilo hamuulizi. Inachemsha kwenye foleni lakini ukichanganya mwendo kuelekea Bunju inapoa? Tatizo ni upepo, nenda kwenye feni. Kwenye foleni iko sawa, ukipanda Kimara na abiria inapanda nayo? Maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba, pampu imechoka, au hosipaipu ya chini inanywea. Hiyo ya mwisho wengi hawaijui. Kanyaga resi mpaka mizunguko 3000 kwa dakika boneti ikiwa wazi, mwenzako aangalie ile hosipaipu, vidole mbali na feni. Ikijikunja kama mrija wa juisi, springi ya ndani imeoza au mtu aliitupa. Sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, huoni kitu, kwa sababu pampu hainyonyi kwa nguvu. Inachemsha dakika chache tu baada ya kuwasha, na hosipaipu ya juu imekakamaa kama jiwe? Hapo fikiria gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku.

Rejeta: nunueni kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola. Ingizo 95 na tokeo 92, upepo haupiti. Ingizo 95 na tokeo 45, maji hayapiti. Tembeza uso mzima. Pakiwa na mstari wa baridi, mirija ya hapo imeziba. Na nyie mnaochomelea, mrija ukivuja mnauziba kwa risasi juu na chini mnasema kazi imeisha. Rejeta ya mirija 40 ukiziba 6, umeondoa asilimia 15 ya kazi yake na mteja hujamwambia.

Tuje kwenye gari za kubadilishwa injini, maana huko ndiko uhuni umejaa. Injini kubwa imeingizwa, rejeta ni ileile ya injini ya zamani, mbele yake imepachikwa kondensa ya AC, feni ya awali imetupwa na kuwekwa feni ya umeme ya inchi 10 iliyofungwa kwa plastiki za kufungia nyaya, zilizopenya katikati ya mapezi ya rejeta. Kava la feni hakuna. Bila kava feni inavuta upepo wa duara lake tu, pembe nne za rejeta zimelala. Pima hivi: gari sailensa, feni inazunguka, weka karatasi ya A4 mbele ya rejeta uiachie. Inatakiwa igande. Ikidondoka, feni ni dhaifu. Ikirushwa mbali, feni inazunguka kinyume, geuza nyaya. Pima na volti kwenye plagi ya feni ikiwa inafanya kazi: 13.5 sawa, 10.5 maana yake umeiunga kwenye kiwaya chembamba cha swichi. Weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ipitishe mkubwa), fyuzi ya ampia 30, waya wa milimita 4 za mraba. Halafu piga hesabu: feni mbili ampia 20, taa kubwa ampia 9, na altaneta ya kizamani ni ya 40, tena ukikanyaga resi; sailensa inatoa pungufu. Usiku kwenye foleni betri inalia.

Geji nayo inadanganya. Sensa ya injini mpya kwenye geji ya gari ya zamani haziongei lugha moja. Land Rover Series III ina kidhibiti cha volti 10 nyuma ya dashibodi. Kikifa, geji ya joto na ya mafuta zinapanda pamoja. Ukiona tenki "limejaa" na hujapita sheli, acha kufungua injini.

Kifuniko cha rejeta cha mgandamizo wa 0.9 kinasogeza kiwango cha kuchemka mpaka karibu 118. Raba ikikauka unarudi 100. Lakini usiweke cha 1.1 kwenye rejeta ya shaba ya miaka hiyo, risasi itaachia.

Taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) iliyochelewa inachemsha pia, na kale kampira ka vakyumu ka distribyuta kakichomoka hakuna anayekaangalia.

NYONGEZA: wanaouliza kuhusu gasketi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza mpaka mdomoni, toa fenibelti ili pampu isizunguke, washa isizidi dakika moja. Povu likitoka mfululizo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Ukifungua hedi, weka rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Mkunjo ukizidi ule wa kitabu cha injini yako ipelekwe mashineni, usibadilishe gasketi tupu.

Na maji ya kisima cha chumvi, hapana. Kulanti nusu, maji ya betri nusu, yale ya kuongezea, si asidi. Pima unachomwaga: zimetoka lita 6 zimeingia 4, mbili zilizobaki ni hewa. Inua pua ya gari, fungua hita, jaza polepole.

Na ile themostati mliyoitupa kwenye kopo ni mali ya mwenye gari. Irudisheni.